Kamera Iliyotumika na Gharama ya Kusubiri

Vijana wa Singida wanaoishi kwa kupiga picha wana swali ambalo huniuliza kana kwamba ni la kiufundi tu: ninunue kamera iliyokwisha kutumika sasa hivi, au nivumilie mpaka nipate fedha za toleo jipya linalosemekana litatoka mwakani? Mimi si fundi wa kamera. Nafundisha mambo ya jamii na uchumi wake, na kwa sababu hiyo naona kwamba ndani ya swali hili dogo umejificha ugonjwa mkubwa wa nchi yetu. Tumezoea kuhesabu gharama ya kununua. Gharama ya kusubiri hatuihesabu.

Chukua mfano wa kijana mmoja niliyepata kumfundisha. Ana chumba cha picha mjini Singida, printa, taa mbili na kitambaa cheupe cha picha za pasipoti. Kamera hana. Kila anapopata harusi humkodi mwenzake kamera kwa shilingi 40,000 kwa siku. Harusi zetu, kama ajuavyo kila mwenyeji wa mkoa huu, hufuata mavuno: alizeti ikishavunwa na vitunguu vikishauzwa, kadi za michango huanza kumiminika kutoka Iramba mpaka Manyoni. Msimu uliopita alipata kazi 30. Maana yake ni kwamba alilipa kodi ya shilingi 1,200,000 kwa kifaa ambacho si chake. Kamera anayoitamani sokoni, Canon 5D Mark III iliyotumika pamoja na lenzi moja nzuri, ameambiwa ni shilingi 1,600,000. Kwa msimu mmoja amekwisha kulipa robo tatu ya bei yake, na bado hana kamera.

Toleo jipya analoliota, likiwa na lenzi yake, halipungui milioni sita. Yeye huweka akiba ya shilingi 150,000 kwa mwezi, tena kwa kujinyima. Fanya hesabu, ndugu msomaji: ni miezi 40. Atakapofika dukani na bunda lake la noti, toleo lile litakuwa la zamani, na rafiki zake watakuwa wanamshauri asubiri linalofuata.

Watu wa biashara ya kamera wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi, maana wanaishi kwalo. Kamera ile ya 5D Mark III ilitoka mwaka 2012. Ina megapikseli 22. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 iliyochapwa kwa ubora kamili inahitaji takriban megapikseli 9, na ya A3 inahitaji kama 17. Sasa niambie, ni bibi harusi gani wa Kiomboi au Ikungi atakayedai picha ya ukutani iliyo kubwa kuliko A3? Picha nyingi hazifiki hata kwenye karatasi siku hizi. Zinaishia kwenye simu za wajomba na mashangazi, zikiwa zimebanwa na WhatsApp mpaka hakuna awezaye kutambua zilipigwa kwa kamera ya mwaka gani.

Najua hoja ya upande wa pili, nayo si ya kupuuza. Teknolojia imegeuka. Mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili walianza mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo cha ndani, na tangu hapo juhudi zao zimeelekea huko. Anayenunua kamera ya zamani leo ananunua mwisho wa ukoo. Ni kweli. Lakini lenzi za Canon za mfumo wa EF, ulioanza mwaka 1987, hufungwa kwenye kamera mpya za kampuni hiyo kwa kutumia kiunganishi kidogo, nazo hufanya kazi barabara. Fedha iliyowekwa kwenye lenzi nzuri haipotei siku atakapohamia mfumo mpya. Na kwa mpiga picha wa mikoani, upande wa kununua mwisho wa ukoo una faida yake: betri, chaja na vipuri vimejaa sokoni, na mafundi wa Kariakoo wamekwisha kuvifungua vifaa hivyo mara nyingi kiasi cha kuvijua.

Mwenye shaka kwamba kipya si kinga ya matatizo na atazame ndege zetu. Shirika letu la ndege lilipokea Airbus A220 ya kwanza Desemba 2018, ikiwa mpya kabisa na ya aina iliyoanza kuruka kibiashara mwaka 2016 tu. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 baadhi ya ndege hizo zilikuwa zimesimama kwa sababu ya hitilafu za injini zilizoyakumba mashirika mengine pia duniani. Silaumu uamuzi wa kuzinunua. Nasema tu kwamba toleo jipya kabisa huja na kasoro ambazo hakuna aliyekwisha kuzigundua, na wanunuzi wa mwanzo ndio wanaozigundua kwa gharama zao.

Hata hivyo, mfano unaonikaa zaidi moyoni ni wa mitambo ya Dowans. Mwaka 2009 TANESCO ilitaka kuinunua mitambo ile ya megawati 112 iliyokuwa imesimama Ubungo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2004 haikuruhusu kununua vifaa vilivyotumika, na juu ya hapo mitambo ilikuwa na harufu ya kashfa ya Richmond, iliyomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Wabunge wakagawanyika, magazeti yakachachamaa, na Machi 2009 shirika likaondoa ombi lake. Miaka miwili baadaye nchi ilikuwa gizani kwa mgao mkali wa umeme. Mwaka huohuo wa 2011 kampuni ya Kimarekani ya Symbion ikainunua mitambo ileile, nasi tukawa tunanunua umeme wake. Julai 2013 Rais Obama alipokuja nchini alipelekwa Ubungo, akahutubia kwenye kituo hichohicho. Bunge nalo, mwaka uleule wa 2011, lilikuwa limepitisha sheria mpya ya ununuzi iliyofungua mlango, kwa masharti, wa kununua ndege, meli na vifaa vya reli vilivyotumika.

Sisemi kwamba waliopinga walikuwa wajinga. Hofu yao ya ufisadi ilikuwa na msingi kamili, na mimi mwenyewe ningesita kumwamini mtu yeyote aliyehusika na mkataba ule wa awali. Tatizo ni kwamba mjadala ulijengwa juu ya neno “kuukuu”, kana kwamba uchakavu na wizi ni kitu kimoja. Swali lililopaswa kuulizwa ni hili: nani ameikagua mitambo, imefanya kazi saa ngapi, imebakiza maisha kiasi gani, na bei hii inalingana na maisha hayo? Swali hilo huweza kujibiwa na mhandisi kwa wiki chache. Tulilikwepa, tukachagua kusubiri kipya, na kusubiri kwetu kulilipiwa na kinyozi, muuza samaki wa barafu na mama mwenye mashine ya kusaga.

Kijana wangu anaweza kujiuliza swali hilohilo kuhusu kamera yake, tena kwa nusu saa. Shata ya kamera ile ilitengenezwa kwa makadirio ya kupiga picha 150,000. Ikiwa iliyopo mezani imekwisha kupiga 60,000, zimebaki 90,000. Harusi moja humla picha kama 1,000. Kwa kazi 30 kwa mwaka, hiyo ni miaka mitatu, na hata hapo shata hubadilishwa. Apige picha ya anga jeupe aone kama kuna madoa kwenye kihisi mwanga. Afunike lenzi, apige giza, atafute vidoti vinavyong’aa. Ailekeze lenzi kwenye tochi na kuchungulia ndani: vifaa vingi vilivyotumika huuzwa Dar es Salaam na Zanzibar, na joto la pwani lenye unyevu huotesha ukungu kwenye vioo. Hapa kwetu adui ni mwingine, upepo na vumbi lake, kwa hiyo anunue na mfuko mzuri.

Ipo subira nyingine inayoniudhi zaidi, ile ya kusubiri serikali. Kikundi chake kilikuwa kikitegemea mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 utoaji wake ulisitishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, kwa sababu fedha zilikuwa zikipotelea kwenye vikundi hewa na marejesho yalikuwa duni. Ulirejeshwa mwaka 2024. Marekebisho yalihitajika, sina ugomvi nayo. Lakini kwa mpiga picha, kila msimu wa mavuno uliopita katikati ni harusi ambazo hazitarudiwa ili apate kuzipiga upya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwake ni kwamba anunue iliyotumika, sasa, kabla ya msimu, baada ya kuikagua, na kwa risiti yenye namba ya kamera na jina la muuzaji. Ikiwa muuzaji anakataa kuandika namba, aondoke. Kodi aliyokuwa akimlipa mwenzake aendelee kujilipa mwenyewe katika akiba. Kwa misimu michache atakuwa na mtaji wa kuitazama kamera mpya bila kuiogopa.

Kwa halmashauri zetu nina ombi. Zinapopima maombi ya vikundi vya vijana, zikubali vifaa vilivyotumika kuwa mtaji halali, mradi viwe na hati ya ukaguzi ya fundi anayetambulika. VETA ina chuo hapahapa Singida. Mafundi wa vyombo vya umeme wakifundishwa kukagua kamera, kompyuta na mashine za kushonea, wakatoza ada ndogo na kutia saini zao, afisa wa mkopo atakuwa na karatasi ya kuegemea, na muuzaji mdanganyifu wa Kariakoo atajua kwamba mteja wa kutoka mikoani naye ana mtu wa kumwangalizia.