Vyumba vya Mkunazini na Muumini Asiyeuliza

Wakristo wengi huamini kwamba kudai ushahidi wa habari inayojenga imani ni dalili ya imani haba. Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake huonekana wazi Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye uwanja wa Kanisa Kuu la Anglikana.

Soko la watumwa lililokuwa hapo halina ubishi. Sultani Barghash alilifunga Juni 1873, baada ya kubanwa na balozi wa Uingereza, John Kirk. Wamishonari wa Kianglikana wa UMCA wakakipata kiwanja, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo, na Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi.

Hatua chache kutoka kanisani, chini ya jengo la Mtakatifu Monika, wageni huteremshwa ngazi hadi kwenye vyumba vya chini. Dari imeinama, kando kuna majukwaa ya mawe, ukutani vitundu vyembamba vya hewa, na juu ya mawe imelazwa minyororo. Huambiwa kwamba humo ndimo watumwa walimoshindiliwa wakingoja mnada. Wapo wanaotoka humo wakilia. Profesa Abdul Sheriff, mwanahistoria wa Zanzibar, ameipinga hadithi hiyo kwa hoja rahisi: jengo lililo juu lilikuwa hospitali ya misheni, na lilijengwa miaka ya 1890, soko likiwa limefungwa takriban miongo miwili kabla. Mnada hauwezi kuweka watu ndani ya msingi ambao haujachimbwa.

Watetezi husema mateso yalikuwa ya kweli, basi kosa liko wapi? Kosa lipo, tena kubwa. Zanzibar haikosi watu wanaodai kuwa habari za utumwa zilikuzwa na wamishonari ili kuupaka matope utawala wa Kiarabu. Mtu wa namna hiyo akipewa vyumba visivyolingana na tarehe za soko, atavitumia kulikana soko zima, na waliouzwa hapo watadhulumiwa mara ya pili.

Muumini aliyezoea kumeza jambo kwa kuwa limemliza humeza pia sauti ya WhatsApp ya nabii asiyejulikana, au picha ya kanisa linaloungua isiyo na nchi wala tarehe, pamoja na agizo la kuisambaza kabla jua halijatua. Unguja si mahali pa kufanyia mchezo huo. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa kweli kisiwani, na Februari 2013 Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi. Kwa sababu yaliyotokea yanatosha kutia hofu, picha ya uongo huaminika upesi na huweza kuwagombanisha majirani walioishi pamoja miaka nenda miaka rudi.

Maandiko hayamtetei mvivu. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo kabla ya kuyashika. Waberoya nao, katika Matendo ya Mitume, wanasifiwa kwa kuyakagua mafundisho ya Paulo mwenyewe. Mtume alikaguliwa na hakununa. Sembuse mwenye simu?

Waongoza watalii wa Mkunazini na watajie wageni umri wa jengo. Na Mkristo anayesambaza asichokijua chanzo chake ahesabiwe ameshuhudia uongo, hata kama kila neno lake limemtaja Yesu.