Afande, giza la kioo linapimwa kwa jicho?

Wadau, hebu leo tuongee kuhusu vioo vya magari. Najua wengi mnapanda daladala na mwendokasi, na mimi mpaka juzi juzi nilikuwa huko huko, kwa hiyo msiseme kijana amepata ka-IST sasa anatusumbua na matatizo ya matajiri. IST yenyewe ni ya mkopo wa SACCOS na bado miezi kumi na nane.

Niliweke sawa hili kabla hatujaanza, asije mtu akasema natetea majambazi. Dereva anatakiwa aone barabara vizuri, usiku na mchana. Askari anayelisogelea gari saa nne usiku ana haki ya kujua ndani kuna watu wangapi na mikono yao iko wapi. Nchi ikiamua kuweka kikomo cha giza kwenye vioo nitaiunga mkono, hata kikiwa kikali. Ninachokataa ni kutozwa faini kwa kosa ambalo kipimo chake ni jicho la mtu mmoja aliyesimama juani tangu asubuhi.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Nilikuwa nawahi mkutano na waandishi wa habari (ile ya "saa tatu kamili", inayoanza saa tano) nikasimamishwa. Leseni ipo, bima ipo, mtungi wa kuzimia moto upo, pembetatu mbili zipo. Afande akazunguka gari, akarudi dirishani.

"Kijana, mbona gari lako lina giza hivi?"

"Afande, hivyo vya nyuma ni vioo vya kiwandani. Gari limetoka Japani navyo."

"Hapa Japani?"

"Hapana, afande."

"Basi toa hizo tinti."

Nikamwambia hazitoki, hakuna kilichobandikwa, ni rangi ya kioo chenyewe. Nikamwomba akwaruze kwa kucha aone. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mkaidi, akasema, "Kama haitoki tinti, toa kioo." Nikauliza giza linaloruhusiwa ni asilimia ngapi, na gari langu limeonekana lina ngapi. Hapo ndipo nilipoharibu hali ya hewa. "Wewe ni mwanasheria?" Hapana, afande, mwandishi wa habari. Ikawa mbaya zaidi. Kikafuata kimya kirefu, halafu lile swali ambalo kila dereva wa Dar analijua: "Sasa unataka tufanyeje?"

Nikasema andika. Akabonyeza kimashine chake, kikatoa karatasi, shilingi 30,000, namba ya malipo iko chini. Mchezo umekwisha.

Sasa tuitazame hiyo karatasi kwa utulivu, maana elfu thelathini yenyewe nitailipa na maisha yataendelea.

Ukimkamata mtu kwa mwendo kasi, unamwonyesha namba. Kibao kinasema 50, mashine imesoma 71, basi, hakuna ubishi wa maana. Anaweza kulalamika kwamba ulijificha nyuma ya mwembe (na kweli ulijificha), lakini namba ipo. Ukimkamata mlevi, kuna kile kifaa cha kupuliza. Kwenye vioo tunafanya nini? Afande anaangalia, anakunja uso, anasema "hii imezidi". Imezidi nini?

Na jicho ni kipimo kibovu kuliko vyote kwenye jambo hili. Chukua gari lolote lenye vioo vyeupe kabisa, liegeshe saa saba mchana kwenye jua la Ubungo, simama hatua kumi utazame ndani. Utaona weusi, kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Lirudie gari hilo hilo saa kumi na mbili na nusu jioni taa ya ndani ikiwa imewashwa, utaona mpaka rangi ya soksi za abiria. Kioo hakijabadilika, kilichobadilika ni jua. Kwa hiyo mchana niko na hatia na jioni niko huru?

Kipimo kipo, na wala si cha kurusha roketi. Ni kidude kidogo cha kushika mkononi, kina pande mbili, kimoja kinatoa mwanga, kingine kinaupokea. Kioo kinakaa katikati, namba inatokea. Asilimia 70 maana yake katika kila sehemu mia za mwanga, sabini zimepita. Uingereza askari wanatembea navyo, na sheria yao imeandika namba: kwa magari yaliyoanza kutumika kuanzia Aprili 1, 1985, kioo cha mbele kipitishe angalau asilimia 75, madirisha mawili ya mbele asilimia 70. Vya nyuma hawakuviwekea kikomo. Japani, huko yanakotoka magari yetu, nao wanataka asilimia 70 kwenye madirisha ya mbele, na nyuma wanakuachia. Ndiyo maana IST, Noah, Harrier na karibu kila kitu kinachoshuka bandarini Dar kina vioo vyeupe mbele na vyeusi nyuma. Mwenye gari hakufanya ujanja wowote. Gari lilitengenezwa kufuata sheria ya kule.

Mtu atasema, hapa si Japani. Sawa, afande, tumekusikia. Lakini gari hilo lilipoingia hapa halikuruka ukuta. Lilishushwa melini, likakaguliwa, likathaminiwa, TRA wakachukua ushuru wao, tena ushuru unaoumiza, ukajumlisha na uchakavu, wakalisajili, wakatoa namba. Kote huko vioo vilikuwa mlangoni pale pale. Hakuna aliyesema kijana, haya madirisha ya nyuma ni kosa, yabadilishe kwanza ndipo tuchukue hela yako. Serikali ile ile iliyopokea ushuru wa kioo ndiyo inayonitoza faini ya kioo. Kama ni haramu, kiwe haramu bandarini.

Na hapa kuna tofauti ambayo ni lazima tuielewe, maana wengi wanazichanganya. Kuna kioo chenye rangi tangu kiwandani, na kuna karatasi ya tinti, ile plastiki unayobandikiwa na fundi pale Kinondoni kwa nusu saa. Hii ya pili inatoka kwa maji ya sabuni, wembe na uvumilivu. Ya kwanza haitoki mpaka kioo kivunjwe. Tena karatasi ina hesabu yake: kioo kinachopitisha asilimia 80 ukikibandika karatasi ya asilimia 35, hubaki na 35. Unazidisha, unapata 28. Fundi hakuambii hilo, na mwenye gari anaapa ana "thelathini na tano" kumbe yuko chini. Huyo akikamatwa na kipimo hana pa kukimbilia, na mimi nitapiga makofi.

India waliamua kuwa wakali kuliko wote hawa. Aprili 27, 2012 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku karatasi zote za kubandika, nyepesi kwa nzito. Lakini hata katika ukali ule waliacha kioo cha kiwandani, mradi kipitishe asilimia 70 mbele na nyuma, na 50 ubavuni. Unaweza kuichukia hukumu hiyo, lakini huwezi kusema huielewi. Dereva wa Mumbai anajua anavunja sheria au havunji kabla hajawasha gari. Mimi ninajua nikishasimamishwa.

Jamani, nije kwenye ile sehemu inayonikera zaidi. Baada ya kupewa karatasi yangu nilibaki pale pembeni kama nusu saa nikijifanya naongea na simu. Kazi ya uandishi inakufundisha kusimama tu. Yakapita mashangingi, yale makubwa, vioo vyeusi kama sufuria ya ubwabwa ya kwenye shughuli, pande zote, mengine namba zake zinaanza na ST. Nilihesabu saba. Hakuna lililosimamishwa. Mawili yalipigiwa saluti! Waliosimamishwa ni Vitz moja, Noah ya mzee mmoja mwenye mabunda ya sukari, na Passo ya dada aliyekuwa anampeleka mtoto shule. Kama hoja ni usalama, naomba mtu anieleze kwa Kiswahili chepesi kwa nini hatari inaanzia kwenye gari la injini ndogo na kuishia pale gari linapokuwa refu kuliko afande.

Kwa sababu usalama ni hoja ya kweli. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya Chadema, alishushwa kwenye basi Tegeta na watu wenye silaha, na mwili wake ukapatikana Ununio. Tangu hapo watu wengi mjini hapa wanapoona gari kubwa lisiloonyesha aliyemo wanavuka barabara. Raia naye anataka kujua nani yumo ndani ya gari. Kama sheria ya vioo ina kazi, hiyo ndiyo kazi yake, na haiwezi kuifanya ikiwa inawaogopa wenye magari makubwa na kuwasubiri wenye Passo.

Halafu kuna watu ambao hawakumbukwi kabisa. Pale chumba chetu cha habari nina mwenzangu mwenye ualbino. Jua kwake si la kulalamikia jasho, ni suala la kansa ya ngozi. Kioo cha mbele cha gari kina tabaka la plastiki katikati na kinazuia sehemu kubwa sana ya miale inayoharibu ngozi, lakini madirisha ya ubavuni kwa kawaida yanaipitisha zaidi. Yeye amebandika karatasi maalumu ya kuzuia miale hiyo. Ni nyepesi, karibu nyeupe, unamwona vizuri kutoka nje. Ameshasimamishwa mara mbili, na mara zote mbili alichoulizwa ni "hii ni nini umebandika?" Giza halikutajwa. Kwa kipimo angepita bila hata kushuka. Kwa jicho na kucha, ana hatia kwa sababu kuna kitu kimebandikwa. Kuna majimbo ya Marekani ambako mtu wa namna hii anabeba barua ya daktari na yamekwisha. Sisi tuna watu wengi zaidi wa kuwafikiria katika hili, na jua kali zaidi.

Najua jibu la kawaida: kama unaona umeonewa, nenda mahakamani. Kwenye makaratasi ni kweli kabisa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa dereva njia mbili, akiri alipe, au akatae apelekwe kwa hakimu. Na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitishwa. Maneno mazuri. Sasa piga hesabu. Kukataa maana yake ni siku ya kwanza kutajwa, siku ya pili shahidi hayupo, siku ya tatu hakimu ana udhuru. Nauli, foleni, ruhusa kwa mhariri ambaye tayari anakuona mvivu. Wakati huo deni linasoma kwenye mfumo kwa namba ya gari, na kila afande anayekusimamisha analiona kabla hajakusalimia. Mwenye akili analipa. Ndiyo maana naamini kuna faini nyingi zilizolipwa na watu wasio na kosa, kwa sababu tu elfu thelathini ni rahisi kuliko haki.

Na kiwango chenyewe! Elfu thelathini kwa dirisha la kiwandani, elfu thelathini kwa aliyepita na 80 kwenye 50 mbele ya shule. Bajeti ya 2021/22 ilishusha faini za bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000, baada ya watu kusema wee mpaka wakasikika. Kwa hiyo kiwango hakikuandikwa kwenye jiwe, kinashuka tukipiga kelele. California dereva akikamatwa kwa tinti mara nyingi anaambiwa nenda kairekebishe, rudi na uthibitisho, lipa dola 25 za karani, kesi inafutwa. Lengo lao ni kioo kibadilike. Mimi nimelipa, kioo kiko vile vile, na kesho asubuhi afande mwingine kwenye makutano yanayofuata anaweza kuniandikia tena kwa kioo hicho hicho.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Vizuri sana. Basi kile kikaratasi kinachotoka kwenye kimashine kiandikwe kwa Kiswahili hicho hicho mistari miwili zaidi: kioo kilichopimwa ni kipi, na kimepitisha asilimia ngapi. Kama afande hana cha kuandika kwenye mistari hiyo, anirudishie leseni yangu niwahi mkutano.

Na nyie wenye Noah na Passo, mkisimamishwa kwa tinti ulizeni namba. Kwa heshima, bila kupandisha sauti, "Afande, ni asilimia ngapi?" Halafu mniandikie mlijibiwa nini. Nitayaweka yote hapa, bila majina.