VIJANA SI WAZURURAJI, MLANGO WA CHAMA NDIO UMEFUNGWA

Ndugu wanachama,

Kila msimu wa korosho ukiisha tunasikia maneno yale yale barazani: eti vijana wa siku hizi wavivu, hawataki jembe, wanakimbilia Dar es Salaam kuuza soksi barabarani. Mimi nasema maneno hayo ni ya uongo, na waongo ni sisi wenyewe.

Hebu tuulizane. Nani alipuliza salfa kwenye mikorosho yetu? Nani alifyeka, nani alibeba magunia mgongoni mpaka ghalani? Vijana. Na siku fedha za mnada zinapoingia, jina la kijana linasomwa? Halisomwi. Masharti yetu yanataka mwanachama awe na shamba lake, na shamba ni la baba au la mjomba. Atalipata lini? Mpaka tufe, jamani?

Kwa hiyo zile kilo zake chache alizolipwa kwa kibarua anaziuza kwa kangomba, usiku, kwa bei ya kutupa. Halafu bodi inasimama mkutanoni kulaani kangomba! Stakabadhi ghalani ilianza kwetu kusini mwaka 2007 ili kumwondoa mlanguzi. Ataondokaje, wakati tumemwachia vijana wote nje ya mlango?

Wapo wanaosema serikali iwakamate, iwarudishe. Hilo lilishafanyika. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, watu wakazolewa mitaani Dar es Salaam wakapelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini, maana huku walikoteremshwa hawakukuta lolote. Tena si wa kwetu tu. Kilimanjaro wana ushirika wa zamani, KNCU ya tangu 1933, lakini kahawa imebaki kwa wazee, kihamba hakigawanyiki tena, na vijana wao wako Kariakoo bega kwa bega na wetu.

Wazee wangu, mnakumbuka mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, mpaka sheria ya 1982 ikavirudisha. Tulilalamika kwamba tumenyang'anywa chombo chetu. Mbona leo tunawafanyia wanetu hivyo hivyo?

Hoja yangu ni hii. Masharti yabadilishwe, kijana asiye na hata mche mmoja aruhusiwe kuwa mwanachama, alipe kiingilio na hisa kwa kukatwa kidogo kidogo kwenye ujira wake wa kupuliza dawa na kupakia magunia. Na ile stoo ya zamani, ambayo sasa ni ya popo, wapewe wabangulie. Korosho nyingi za nchi hii bado zinauzwa ghafi, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam, yaani kazi ya mwanao inapanda meli. Najua kubangua ni kazi chungu, mafuta ya ganda yanaunguza vidole. Najua pia viwanda vikubwa vilivyojengwa huku kusini miaka ya 1970 vilikufa, vingine vikageuka maghala. Sisemi tujenge kiwanda. Nasema kikundi. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Vijana wanakopeshwa wakiwa kikundi kilichoandikishwa, na sisi ndio wenye karani, mhuri na daftari la kuwasaidia.

Mjumbe mmoja wa bodi kaniambia pembeni: "Wakiingia hao, watatupigia kura tutoke." Basi nimejibu hapa hapa ukutani: kama hesabu zetu ni safi, tunaogopa nini?

Hoja itasomwa mkutano mkuu ujao. Anayeipinga aandike sababu zake hapa chini, nafasi nimeacha. Kalamu iko kwa karani.