Waacheni wazee waguse santuri zao

Msomaji, iwapo nyumbani kwako yumo baba, mama au babu ambaye siku hizi anauliza swali lile lile mara tano kabla chai haijapoa, basi makala ya leo ni yako.

Jumamosi iliyopita nilifunga kliniki saa saba mchana nikaenda kwenye maonyesho ya wakusanyaji wa gramafoni na santuri za kale hapa Nairobi. Mimi si mkusanyaji. Nilialikwa na mgonjwa wangu mmoja ambaye shinikizo lake la damu, kwa maelezo yake mwenyewe, hushuka kila apatapo santuri aliyoisaka kwa miaka mingi, na hupanda mkewe anapouliza bei.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na gramafoni zenye pembe kubwa za bati, na zile nyeusi za mkoba za HMV zenye picha ya mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Kulikuwa na makreti ya santuri nzito za shelaki, ambayo ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa kule India, zinazozunguka mara 78 kwa dakika na kumaliza upande mmoja kwa dakika tatu hivi. Kando yake zilikuwa santuri nyepesi za plastiki zilizouzwa River Road enzi hizo. Nilisoma majina ya Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka. Bwana mmoja alikuwa na ya Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na aliilinda kama yai.

Kwa kuwa sikuweza kuuacha udaktari mlangoni, niliona pia vumbi na ukungu katika majalada ya karatasi. Mwenye pumu afunge barakoa anapochambua makreti hayo. Na mwenye mgongo mbovu akumbuke kwamba santuri 50 za shelaki huzidi kilo kumi.

Lakini yaliyonikaa moyoni ni mambo mawili mengine. La kwanza ni majina yaliyoandikwa kwa wino juu ya santuri. Wenyewe waliyaandika ili ziwarudie baada ya kuazimwa kwa ajili ya dansi au harusi. Niliuliza wauzaji wanakozipata. Wengi walijibu kwamba wanazinunua kwa watoto wa wenyewe, mzee anapofariki, au anapohamishwa kutoka nyumba yake akiwa bado hai. La pili ni kibao kilichowekwa karibu kila meza: USIGUSE.

Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja wa miaka themanini na kitu, ameshikwa mkono na mjukuu wake, koti limefungwa vifungo kombo. Kwa muda wa dakika chache nilizosimama karibu nao alimwuliza binti huyo mara tatu, "Hapa ni wapi?" Na binti, kwa subira niliyomwonea wivu, akajibu mara tatu, "Ni Nairobi, babu."

Walipofika kwenye gramafoni ya mkoba iliyokuwa wazi, mzee alinyoosha mkono. Kijana mwenye meza akasema kwa adabu, "Mzee wangu, tafadhali usiguse." Binti akauvuta mkono ule. Nami, ambaye halikunihusu, nikaingilia kati, "Ndugu yangu, hebu mwache kidogo. Mimi ni daktari, kikivunjika nitalipa."

Mzee alisukuma kona ya mkoba na kikopo cha sindano kikachomoza. Hakuna aliyemwonyesha kilipo. Akalegeza skrubu, akatoa sindano iliyochakaa, akatia mpya, akakaza. Akachukua hendeli akazungusha huku akihesabu chini chini, na alipohisi springi inakaza akaacha. Kijana, nadhani kwa kumjaribu, akampa santuri ya plastiki. Mzee akapapasa ukingo wake kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akamrudishia. "Hii utaiua," akasema.

Alisema kweli. Sindano ya chuma na mkono mzito wa gramafoni ya aina ile huchimba mifereji ya santuri ya plastiki ikaharibika. Kijana akampa ya shelaki. Mzee akaipangusa kwa mkono wa koti, akaiweka, akateremsha sindano taratibu, na gitaa likalia. Akasimama pale akigonga meza kwa vidole, sawasawa na mapigo, hadi upande ukaisha. Akainua sindano. Kisha akamgeukia mjukuu wake akauliza, "Hapa ni wapi?"

Nakueleza hilo la mwisho ili usije ukadhani nimekuletea habari za muujiza. Ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu, ambao sisi huuita dimenshia, hauponi kwa santuri. Hata hivyo, watu wengi hudhani kumbukumbu ni ghala moja, na kwamba mzee asiyejua leo ni siku gani ghala lake limekwisha kuwa tupu. Sivyo. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kuhifadhi mambo.

Mwaka 1953 huko Marekani kijana mmoja aliyesumbuliwa na kifafa, ambaye vitabu vya udaktari vilimwita H.M., alifanyiwa upasuaji wa ubongo. Alipopata nafuu alikuwa hawezi tena kuhifadhi habari mpya. Mtaalamu Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, jambo gumu kwa yeyote. Siku baada ya siku H.M. alichora vizuri zaidi, ilhali hakukumbuka kwamba amewahi kulifanya zoezi hilo. Mikono ilikuwa imejifunza bila yeye kujua. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu za ubongo zinazohifadhi habari mpya huathirika mapema, na ujuzi wa mikono aghalabu hudumu kwa muda mrefu zaidi. Nyimbo za ujanani nazo hung'ang'ania, hasa zile mtu alizozisikia kati ya miaka kumi na thelathini hivi ya umri wake.

Nayajua haya, na bado nilikosea. Baba yangu alikuwa na redio kubwa ya kabati yenye kinanda cha santuri, na sanduku la santuri alizozinunua kwa mshahara wa karani. Mwaka 2011 tulimhamishia Nairobi baada ya kuanza kupotea njia akienda sokoni. Nyumba ilikuwa ndogo. Mimi ndiye niliyeamua kwamba kabati lile na sanduku lake wapewe watu wa vyuma vikuukuu. Hatukumwuliza, maana tulisema hatakumbuka.

Huku Nairobi baba alikuwa akianza kuhangaika kila jua linapotua, anazunguka sebuleni, anafungua na kufunga milango ya kabati la vyombo. Nilimwandikia dawa ya kutuliza. Nilifahamu fika kwamba tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba baadhi ya dawa hizo huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye dimenshia. Nilimpa hata hivyo, kwa sababu sote tulikuwa tumechoka na tulitaka kulala. Alifariki mwaka 2016. Mpaka leo sijui alichokuwa akikitafuta ndani ya kabati lile la vyombo, na tangu Jumamosi swali hilo limenirudia.

Basi, msomaji, kabla hujafanya kama nilivyofanya, fikiri. Kwanza mpeleke mzee hospitali. Si kila anayesahau ana dimenshia. Tezi ya shingo inapolegea, vitamini B12 inapopungua, maambukizi, huzuni kuu, au dawa nyingi zinazogongana tumboni, vyote huweza kumvuruga mtu akili, na vingi kati ya hivyo hutibika. Omba pia akaguliwe masikio. Nimewahi kuletewa mzee aliyesemekana amerukwa na akili, kumbe masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta. Kutosikia vizuri ni miongoni mwa mambo 14 yaliyotajwa mwaka 2024 na jopo la jarida la Lancet kuwa yanaongeza uwezekano wa kupata dimenshia na ambayo binadamu anaweza kuyafanyia jambo. Mzee asiyesikia, hata umpigie santuri gani, hutamfikia.

Kisha rudi kwenye nyimbo zake. Si lazima uwe na gramafoni, kwani simu yako inatosha kwa kusikiliza. Chagua zilizovuma alipokuwa kijana wala si zile unazozipenda wewe, ambazo kwake ni kelele tu. Keti naye. Jaribu muda mfupi kabla ya saa anayoanza kuhangaika, au kabla ya kuogeshwa ikiwa kuoga kwenu ni vita. Mtazame usoni, maana wapo wazee ambao nyimbo za miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, huwarudishia hofu na wala si raha. Akinuna au akilia kwa uchungu, zima. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba tiba ya muziki huenda ikapunguza huzuni kwa wagonjwa hawa. Uwezo wa kukumbuka haukuonekana kubadilika sana. Kwangu mimi, kupungua kwa huzuni si haba.

Na ikiwa kinanda chake bado kipo, hata kama hakilii, kiache alipozoea kukiona. Acha akifungue, akipanguse, azungushe hendeli. Utasema atakivunja. Huenda. Lakini ni chake, na mnunuzi ataweza kungoja.

Kwa wakusanyaji nina ombi. Sipuuzi kazi yenu. Pasingekuwa na nyinyi, santuri hizi zingekwisha kutupwa kama za baba yangu. Gramafoni iliyodumu miaka themanini haistahili kuchezewa na kila mpita njia, nakubali. Lakini maonyesho yenu huletwa wazee na watoto wao, na wengine wao ndio waliokuwa wakiviendesha vyombo hivi kabla nyinyi hamjazaliwa. Mara ijayo tengeni meza moja isiyo na kibao. Wekeni gramafoni moja isiyo ya thamani kubwa, santuri kumi za shelaki zilizokwaruzika ambazo hamwezi kuziuza, na viti viwili, kimoja cha mzee na kimoja cha aliyemleta. Sindano za chuma huchakaa upesi, najua, maana huhitaji kubadilishwa kila baada ya upande mmoja au miwili. Pakiti ya kwanza nitainunua mimi.