MIKOKO ILIYOPAKWA MAFUTA ISIKATWE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Tangu bamvua ilipotuletea yale mafuta mazito ya meli mpaka ndani ya mikoko yetu, maneno yamekuwa mengi barazani. Wengine wanasema mikoko imekwisha kufa, basi ikatwe kuni. Wengine walikwenda kupanda upya wiki ile ile, na mbegu zao zote zimeoza. Sisi tunasema pande zote mbili zina haraka.

Mchu unapumua kwa vile vijiti vinavyochomoza matopeni. Mafuta yakiviziba mti hukosa hewa, lakini haufi siku moja, unaweza kuchukua miezi. Mwingine hupukutisha majani halafu ukachipua. Sasa utaujuaje uliokufa na ulio mgonjwa, nawe umeshika shoka? Kule Panama mwaka 1986 tangi la mafuta lilipasuka, mikoko mingi ikafa, na miaka mitano baadaye matope yalikuwa bado yanatoa mafuta. Mombasa nako mwaka 1988 tangi lilitoboka, zikamwagika kama tani 5,000. Yaani si mambo ya mbali.

Na hapa kwetu kosa limekwisha fanyika, sisi viongozi tumo. Siku ya tatu tulipiga mbiu watu waje na ndoo. Nia ilikuwa njema. Lakini miguu yote ile ilikanyaga matope, mafuta yaliyokuwa juu yakashindiliwa chini. Pale tulipopita leo hapana kaa hata mmoja. Upande wa pili, ambao hatukuingia, kaa wameanza kutoboa mashimo yao. Tunakiri mbele yenu.

Kwa hiyo sasa tutahesabu kwanza. Tutapima vipande kwa kamba, hatua kumi kwa kumi, na kila kipande tuandike: miti mizima, iliyokufa, miche, mashimo ya kaa, na mafuta yamezama kiasi gani. Tutafanya vile vile kwenye kijito kisichopata mafuta, maana bila hicho tutalinganisha na nini? Akina mama wa chaza watuambie walikuwa wakipata vikapu vingapi zamani na sasa vingapi. Wao ndio wanaoijua pwani hii, si sisi wa mezani. Kila mwezi turudie pale pale. Kupanda kutafuata pale tu matope yatakaposafika na miche haioti yenyewe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mchafuzi alipe. Lakini atalipa kwa daftari, halipi kwa malalamiko. Kalamu tuliyofundishwa kwenye kisomo ndiyo kazi yake hii.

Jumamosi maji yakipwa tukutane chini ya mkwaju. Kila balozi alete watu wawili tu, wasizidi, na tutapita juu ya mbao. Shoka zibaki nyumbani.

Katibu wa Tawi