Kuhe na kambale hawafai tangi moja

Mkazi wa Mpanda anayetamani kufuga samaki wawindaji sebuleni hana haja ya kuagiza ng'ambo. Karema na Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika, kuna kuhe na sangala. Mto Katuma una kambale. Shida ni kuwachanganya.

Kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, ndiyo maana huvumilia madimbwi ya matope mto unapokauka kiangazi. Kuhe hawezi hayo. Amezoea maji maangavu, yenye oksijeni tele na pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huwa sumu kali zaidi. Walaji wakubwa wakiwekwa pamoja, kichujio cha kawaida huelemewa upesi.

Halafu kuna ukubwa. Kuhe huweza kufikia sentimita 80, kambale hupita mita moja, na yeyote anayeenea mdomoni mwa mwenzake humezwa.

Ziwani, kuhe dume na jike hulinda makinda yao pamoja, wakifukuza kila anayesogea. Ndani ya kioo cha mita mbili anayefukuzwa hana pa kukimbilia, na kumweka hapo ni kumtesa.