Marehemu Anamdai Nani?

Katika mazishi ya watu wa pwani, Bara na Visiwani, ipo desturi isiyo mgeni kwa msomaji. Kabla jeneza halijainuliwa, mmoja wa jamaa husimama akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu ajitokeze, ili deni hilo libebwe na wafiwa. Ndivyo tulivyofundishwa tangu chuoni, mbele ya maalimu: deni la maiti hulipwa kwanza, mirathi hufuata baadaye. Lakini swali la upande wa pili haliulizwi. Ni nadra mtu kusimama akauliza: je, marehemu naye anamdai nani?

Swali hilo linawahusu hasa wasanii wetu wa jukwaa na wa filamu. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28 tu, maelfu ya wananchi walifurika katika viwanja vya Leaders na kumsindikiza hadi makaburi ya Kinondoni. Mwaka huo huo tulikuwa tumekwisha kumzika Fundi Said, maarufu kwa jina la Mzee Kipara, na kabla haujaisha ajali ya gari huko Muheza ikamchukua Hussein Mkiety, Sharo Milionea. Mwezi Aprili 2013 Unguja ilimzika Bi Kidude. Juni 2014 akatutoka Said Ngamba, Mzee Small. Tarehe 8 Agosti 2018 akafuata Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kuitumikia sanaa tangu utotoni. Kila mara tulilia kwa dhati. Hatuna shaka na machozi hayo. Shaka yetu ni juu ya yale yanayofuata machozi yakikauka.

Ukishuka pantoni upande wa Kigamboni, ukapita penye vibanda vya simu, utamkuta kijana amekaa na kompyuta yake. Mteja hutoa fedha kidogo, naye humjazia filamu katika simu. Waliokufa wamo humo: Majuto anachekesha, Kanumba anatoa machozi. Wangali kazini. Mwenye kibanda anapata, mwenye kompyuta anapata, mteja anafurahi. Mjane na yatima hawamo katika hesabu hiyo. Hata hivyo, ingekuwa ni kumwonea kijana huyo kumfanya yeye peke yake ndiye mkosaji. Mzizi wa jambo uko mbali zaidi.

Katika miaka ambayo filamu zetu zilishamiri, biashara yake ilikuwa na sura moja. Mwigizaji alilipwa ujira mara moja, kamera ikizimwa basi. Mtayarishaji naye mara nyingi aliuza kazi nzima, pamoja na haki zake zote, kwa msambazaji wa Kariakoo kwa malipo ya mkupuo. Tangu siku hiyo, filamu ingeuzwa nakala elfu au laki, aliyeitolea jasho hakuwa na dai lolote. Huo, ndugu wasomaji, ni unyonyaji ule ule tulioukemea mashambani na viwandani: mwenye mtaji kuchuma daima pale ambapo mwenye jasho alichuma siku moja.

Sheria haikukosekana. Bara kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003. Kwa sheria ya Bara, haki ya mtunzi hudumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maana yake ni kwamba kwa kazi alizozitunga Kanumba mwenyewe, kama hakuziuza, haki ni mali ya warithi wake hadi mwaka 2062. Lakini haki iliyokwisha kuuzwa kwa mkupuo hairudi nyumbani kwa kuwa mwenyewe amekufa. Na mwigizaji ambaye hakuwa mtunzi hutegemea zaidi kile kilichoandikwa katika mkataba wake, ikiwa mkataba ulikuwapo.

Liko pia jambo linalowagusa ndugu zetu wa Visiwani. Hakimiliki si jambo la Muungano. Filamu inayotoka Kariakoo ikafika Darajani inavuka kutoka sheria moja kwenda nyingine, kutoka ofisi ya COSOTA kwenda ofisi ya COSOZA. Mlanguzi havuki kwa shida. Anayepata shida ni mjane wa msanii anayetaka kujua kazi ya mumewe inauzwa wapi na nani. Ofisi hizi mbili hazina budi kusomana daftari.

Haki inatudai tuseme pia yaliyofanyika. Mwaka 2013 stempu za kodi ziliwekwa katika kazi za muziki na filamu. Mwaka 2018, Majuto akiwa mgonjwa, suala la mikataba ya wasanii lilifika hadi wizarani. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaotoa mikopo. Wasanii nao wana sehemu yao ya lawama: wako waliotia saini karatasi wasiyoisoma, wakafariki bila kuacha hata orodha ya kazi zao.

Na sisi wa Chama tujikosoe. Wakati wa kampeni tunawapandisha wasanii majukwaani, watuvutie umati; wakati wa msiba tunapeleka rambirambi. Kati ya kampeni na msiba kuna miaka mingi ambayo hatuulizi wanaishije. Tumesahau kwamba Rashidi Mfaume Kawawa, Simba wa Vita, kabla hajawa Waziri Mkuu mwaka 1962, alikuwa mwigizaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ndiye aliyeonekana katika filamu ya Muhogo Mchungu. Alipofariki tarehe 31 Desemba 2009 tulimkumbuka kiongozi, na ilikuwa haki yake. Ni vijana wangapi waliowahi kumwona mwigizaji?

Hapo ndipo penye deni la pili: hifadhi. Michezo ya Pwagu na Pwaguzi ilikusanya familia nzima mbele ya Redio Tanzania. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Bara tulisubiri hadi 1994. Kanda huliwa na unyevu, santuri hukwaruzika, na Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1968, limekwisha kutoweka. Mchapaji wa kitabu anadaiwa na sheria kupeleka nakala Maktaba ya Taifa. Filamu hupelekwa Bodi ya Filamu ili ikaguliwe, lakini kukagua si kuhifadhi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mkataba wa mwigizaji uandikwe kwa Kiswahili, uandikishwe, na umpe fungu katika kila mauzo, fungu ambalo warithi watalirithi. Pili, msanii mashuhuri anapofariki, ofisi ya hakimiliki isingoje kuombwa. Iwaite warithi na kuwaonyesha orodha ya kazi zake na nani anazimiliki. Tatu, iwepo hazina ya taifa ya filamu na michezo ya redio, Bara na Zanzibar zikishirikiana, na ianze na kanda za wazee ambao bado wapo watu wa kuzitambua sauti zao.

Ng'ambo hii ya Kigamboni ndiko kilikofunguliwa Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, na humo makada walifundishwa kwamba kila mtu ana haki ya kupata malipo ya jasho lake. Fundisho hilo halikuwatenga wanaotuchekesha. Siku ya msiba mwingine wa msanii itafika, na viongozi tutakaa safu ya mbele. Jamaa atakapotangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, kila mmoja wetu ajiulize kimya kimya kama yeye si miongoni mwa wadaiwa.